KIFUNGO KIMEKWISHA, HATIA HAINA MWISHO



Ndugu waumini, viongozi wa jumuiya, makatekista na wanahalmashauri ya walei,

Atokaye Kidatu kwenda Ifakara hupita Kiberege, na hakuna mtu wa bonde hili asiyejua kuwa pale pana gereza. Idete nako pana gereza jingine, na mpunga wake huulimwa na wafungwa. Mara kadhaa Tume yetu ya Haki na Amani imewaomba muwatembelee ndugu hao, muwapelekee sabuni, mswaki na Neno la Mungu, nanyi mmeitikia vizuri. Leo hatuwaombi chochote kwa ajili ya waliomo ndani. Twataka kusema juu ya waliotoka, ambao wengi wao wanaketi nanyi kwenye benchi moja kanisani, na ambao kwa mujibu wa mambo yalivyo nchini mwetu hawatatoka kamwe.

Tuanze na mama mmoja wa kigango kimojawapo kilicho chini ya Milima ya Udzungwa. Jina lake hatulitaji, na mtakaomtambua twawasihi mnyamaze. Mwaka 2012 mama huyu alikamatwa na mzigo wa kuni ndani ya hifadhi. Yafaa ieleweke kwamba hifadhi hiyo ilipotangazwa kuwa ya Taifa mwaka 1992, akina mama wa vijiji vinavyopakana nayo waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa siku maalumu ya juma, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2011. Kwa maneno mengine, mzigo uleule wa kuni uliokuwa halali kichwani mwake mwaka 2010 ulikuwa jinai miaka miwili baadaye. Hatusemi ya kuwa sheria ilikosea kulinda misitu. Maji yanayolisha mashamba ya miwa na mpunga wetu hutoka milimani humo, na asiyelijua hilo si mkulima wa Kilombero. Twasema tu kwamba kosa hilo lipimwe kwa uzito wake.

Mahakamani aliulizwa kama ni kweli alikutwa na kuni. Akajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuwa na wakili, wala hakujua kwamba jibu lile fupi ndilo litakaloandikwa kuwa kukiri kosa. Akatozwa faini, na kwa kuikosa akakaa ndani miezi minne. Mtoto wake mdogo alilelewa na bibi. Alipotoka alirudi shambani, akalima, akasomesha, akawa mwanachama hodari wa WAWATA. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Kisha pakatokea nafasi ya upishi katika shule moja ya bweni. Akaitwa, akapika, wakamsifu, wakamwambia kilichobaki ni kuleta hati ya tabia njema kutoka polisi. Akatoa alama za vidole kama wengine. Majibu yaliporudi, nafasi ile akapewa mtu mwingine, na habari za kifungo chake, ambazo kijiji kilikuwa kimekwisha kuzisahau, zikaanza kuzungumzwa upya kisimani.

Twauliza: je, mahakama ilimhukumu miezi minne, au ilimhukumu maisha?

Watu wengi hudhani ya kuwa baada ya miaka kadhaa jina la mtu hufutwa lenyewe katika vitabu vya Serikali. Baadhi ya viongozi wetu wa jumuiya wamediriki hata kuwaambia hivyo waumini, kwa nia njema. La hasha. Katika Tanzania Bara hatuna sheria ya jumla inayosema kwamba mtu akimaliza adhabu yake, akaishi vema kwa muda uliotajwa, hatia yake ya zamani ihesabiwe kuwa imekwisha na asiulizwe tena. Rufaa tunayo, na marejeo tunayo. Msamaha wa Rais upo pia katika Ibara ya 45 ya Katiba. Lakini sheria ya kufuta kumbukumbu ya mtu aliyekosa kweli, akaadhibiwa kweli na akajirekebisha kweli, haipo.

Msamaha wa Rais usituchanganye. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sikukuu ya Uhuru, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe 5,001. Tulimshukuru Mungu kwa hayo, na familia nyingi za bonde hili zililia kwa furaha. Hata hivyo msamaha wa namna hiyo hupunguza au huondoa adhabu iliyobaki. Mlango wa gereza hufunguka mapema, bali hukumu hubaki imeandikwa. Aliyesamehewa na Mkuu wa Nchi mbele ya Taifa zima huweza kukataliwa na karani wa ajira juma linalofuata, na karani huyo akawa hakuvunja sheria yoyote.

Sasa tazameni Katiba yenyewe. Ibara ya 67, inapowataja wasiostahili kuchaguliwa kuwa wabunge, inamtaja mtu aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Ibara ya 39, inapoweka sifa za mgombea wa urais, nayo inatazama miaka mitano iliyotangulia uchaguzi kwa yule aliyepatikana na kosa la kukwepa kodi ya Serikali. Miaka mitano! Waliotunga maneno hayo walijua ya kuwa mtu hubadilika, na kwamba pana wakati ambapo jana yake haipaswi kumfunga leo. Nasi twakubaliana nao. Ila hatuelewi ni kwa hekima gani anayetaka kuongoza nchi ahesabiwe miaka mitano, na anayetaka kupika uji wa wanafunzi ahesabiwe maisha yake yote. Kijana wa Mlimba anayetaka kujiunga na JKT husoma katika tangazo kwamba asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Hapo hapana mwaka unaotajwa, wala uzito wa kosa. Neno ni moja tu, "kuwahi", nalo halina mwisho.

Tena ziko hatia zilizoishi kuliko sheria zake. Wazee wetu wanakumbuka kodi ya maendeleo, na jinsi mgambo walivyowavizia watu njiani na minadani. Wako waliopelekwa mahakamani na kufungwa kwa kukosa stakabadhi ya kodi ile. Mwaka 2003 kodi hiyo ikafutwa nchi nzima, na Serikali yenyewe ikakiri kwamba ilikuwa kero. Je, mzee aliyefungwa mwaka 1996 kwa kodi ambayo leo haipo, akiulizwa kwenye fomu kama amewahi kutiwa hatiani, ajibu nini? Akisema ndiyo, ataonekana mhalifu. Akisema hapana, amesema uongo. Sheria imezikwa, lakini mhalifu wake angali anatembea.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji tu hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Sheria za namna hiyo tulirithi kwa Mwingereza, pamoja na Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945. Jambo la kusikitisha ni hili: Mwingereza mwenyewe mwaka 1974 alitunga sheria ya kuwarejesha wakosaji katika jamii, ambayo kwayo hatia nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha muda wake baada ya miaka kadhaa isiyo na kosa jingine. Tulichukua fimbo yake, tukaitunza vizuri. Dawa aliyoipata baadaye hatukuiomba. Na kama tunaona haya kujifunza Ulaya, Afrika Kusini mwaka 2008 iliingiza katika sheria yake ya mwenendo wa jinai utaratibu wa mtu kuomba kufutiwa kumbukumbu ya makosa ya aina fulani baada ya miaka kumi, na zile hatia zilizotokana na sheria za ubaguzi wa rangi zikawekewa njia yake ya kufutwa. Wao walitambua ya kuwa sheria mbaya ikifutwa, haitoshi. Hapana budi kuwaosha na waliochafuliwa nayo.

Yako mambo mawili matatu ambayo husemwa kila tunapolitaja suala hili katika semina.

La kwanza ni ile methali ya kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Wapo wanaochovya tena, hatukatai. Lakini tujiulize ni kwa nini. Mtu atokaye Idete hutoka na ujuzi wa kulima mpunga na, pengine, useremala. Akiufikia kila mlango wa kazi halali na kuukuta umefungwa kwa karatasi moja, ni mlango gani unaobaki wazi? Ni ule wa gongo, wa bangi, wa mbao za usiku. Kisha akikamatwa twatikisa vichwa na kusema, tuliwaambia. Wizi wa namna hii wa unabii hautufai: twamsukuma mtu shimoni, kisha twajisifu kwamba tulijua ataanguka.

La pili ni zito zaidi, nalo tulijibu kwa uangalifu. Huulizwa: na mbakaji je? Na aliyemharibu mtoto? Je, naye afutiwe, aende kuajiriwa shuleni? Jibu letu ni hapana. Makosa ya kuua, ya kubaka, ya kudhulumu watoto na ya kuuza watu hayamo katika madai yetu, na ajaye kuandika muswada ayaorodheshe waziwazi nje ya utaratibu huo. Twalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu Kanisa, katika nchi mbalimbali, limeonja aibu ya kuwahamisha kimya kimya wadhalimu wa watoto kutoka mahali hadi mahali, na hatutaki huruma itumike tena kama shuka la kufunikia. Polisi na mahakama nao wabaki na kumbukumbu zao, ili akirudia kosa hakimu ajue. Tunachodai ni kwamba kwa makosa madogo, baada ya miaka itakayotajwa, kumbukumbu hiyo isitolewe kwa mwajiri, wala mtu asilazimike kuitaja.

La tatu ni kwamba jambo hili ni la kisiasa. Si la kisiasa kuliko wali. Wakati Taifa linapotaka, huweza kufikiri upesi. Mwezi Septemba 2019 washtakiwa wa makosa ya uhujumu uchumi walipewa siku chache waombe radhi na kurejesha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akamwarifu Rais kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Hapa hatulipimi jambo lile kwa wema au ubaya wake. Twaona tu kwamba njia ya mwenye mabilioni kurudi nyumbani ilifikiriwa kwa muda wa juma moja. Njia ya mwenye mzigo wa kuni haijafikiriwa hadi leo.

Wala hatuanzi kutoka patupu. Tangu mwaka 1994 nchi ina Sheria ya Bodi za Parole. Tangu mwaka 2002 ina Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomwezesha mwenye adhabu isiyozidi miaka mitatu kuitumikia nje ya gereza kwa kufanya kazi za umma. Sheria hizo zote mbili zimesimama juu ya imani kwamba mtu hurekebika. Serikali imejenga ngazi, ikaacha kidato cha mwisho. Mwezi Julai 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi taarifa yake juu ya kuboresha taasisi za haki jinai. Mjadala wa mageuzi uko wazi, na ombi letu liingie humo kabla haujafungwa.

Lakini twaona aibu kuinyoshea Serikali kidole hali mikono yetu wenyewe si safi.

Katika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mara ngapi jina la mtu limeondolewa kwa mnong'ono mmoja tu, "huyu alishakaa Kiberege"? Hakuna aliyeuliza alikaa kwa kosa gani, wala lini, wala kama kweli alitenda. Wako waumini wetu ambao jina lao la ubatizo limesahaulika kabisa, wanaitwa Mfungwa, na watoto wao wanaitwa wa Mfungwa, nasi tunacheka tukidhani ni utani. Huo si utani wa Wapogoro na Wandamba. Mtani humrudishia mtani. Huyu hana la kurudisha. Parokia zetu zinaajiri walinzi, wapishi, madereva na makarani. Je, sisi tunapodai hati ya tabia njema kwa mtunza bustani, tunamlinda nani?

Mtume Paulo asingeipata hati hiyo. Petro naye alikuwa na kesi zake. Onesimo alikuwa mtoro mbele ya sheria ya siku zile, na Paulo, badala ya kumwandikia barua ya kumshtaki, alimwomba Filemoni ampokee kama ndugu, na deni lake, kama lipo, liandikwe kwa jina la Paulo. Na Bwana wetu mwenyewe tusisahau ya kuwa alihukumiwa na mwenye mamlaka, adhabu ikatekelezwa mchana kweupe, na hati ya mashtaka ikabandikwa juu ya kichwa chake kwa lugha tatu. Tunaitazama hati hiyo kila Jumapili juu ya altare. Hatujawahi kuielewa.

Katika Jubilei ya mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia gereza la Regina Coeli mjini Roma, akaziomba serikali ziwahurumie wafungwa. Tarehe 26 Desemba 2024 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, na katika barua yake ya kutangaza Jubilei ya mwaka 2025 aliziomba serikali zitoe misamaha na zitengeneze njia za kuwarejesha watu katika jamii. Njia, ndugu zetu. Mlango ukifunguliwa pasipo njia, mtu husimama kizingitini.

Tufanye nini, basi, wakati sheria haijaja?

Hapana budi kwanza kuzitumia haki zilizopo, maana nyingi hupotea kwa kuchelewa. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Wilaya pia yaweza kuliita jalada na kulifanyia marejeo, lakini si baada ya miezi 12 tangu shauri lilipokwisha. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya hutakiwa atoe taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Aliye gerezani haruhusiwi kunyimwa nafasi hiyo: huipeleka rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye huifikisha. Muda ukipita, yaweza kuombwa nyongeza, mradi pawe na sababu ya maana. Hukumu ikibatilishwa na mahakama ya juu, mtu hana hatia tena, na hapo anayo haki ya kudai kumbukumbu zirekebishwe. Wengi waliokiri makosa wasiyoyaelewa wangeweza kupona kwa njia hii. Mkumbuke kwamba kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama katika Mahakama za Mwanzo, na zuio hilo lililegezwa mwaka 2021 tu. Kwa hiyo mtu wa kijijini alijitetea peke yake, na mara nyingi hakujitetea. Tangu mwaka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa. Watafuteni.

Wasikilizeni kwa hadhari wale wanaojitangaza kwamba wana mtu wao wa kusafisha faili. Hakuna faili linalosafishwa kwa bahasha. Atoaye fedha hiyo anaongeza kosa la rushwa juu ya lile la kwanza, na kumbukumbu yake inabaki palepale.

Pili, kila halmashauri ya walei iondoe katika fomu zake na desturi zake swali la kama mtu aliwahi kufungwa, isipokuwa kwa kazi zinazohusu watoto na kwa makosa tuliyoyataja juu. Jambo hili halihitaji Bunge. Laweza kufanyika katika kikao kijacho, na katibu akaliandika.

Tatu, tunakusanya shuhuda ili zipelekwe kwa wabunge wetu na kwa Baraza la Maaskofu. Aliyekwisha kumaliza adhabu yake na bado anafungiwa milango aje na nakala ya hukumu, kama anayo, na barua ya kukataliwa kazi. Asiye na nakala aende katika masijala ya mahakama iliyomhukumu aiombe, akiwa na namba ya kesi au mwaka. Majina hayatatangazwa wala kusomwa kanisani. Yule mama wa kuni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja. Alileta karatasi zake zimekunjwa ndani ya kitabu cha sala, akauliza kama akituachia, zitarudi.